Mwenye Duka, Mchuuzi na Mtaa wa Kongo

Haipiti miaka mingi katika jiji la Dar es Salaam pasipo kutoka amri ya kuwaondoa wachuuzi kandokando ya barabara, wala haipiti miezi mingi baada ya amri hiyo pasipo wachuuzi wale wale kurejea mahali pale pale walipoondolewa, wakatandika turubai zao na kupanga viatu, mikanda, sidiria na makava ya simu, ilhali wenye maduka waliofurahi siku ya amri hurudia kunung'unika kwamba wamezibiwa milango na kwamba wanaolipa kodi ndio wanaoonewa. Mambo yamekwenda hivyo kwa muda mrefu hata watu wengi wameyazoea, wakayahesabu pamoja na joto na foleni kuwa ni tabia ya mji isiyo na dawa. Mimi sioni hivyo. Rai yangu, ambayo najua haitawapendeza wengi wa pande zote mbili, ni kwamba amri hizi hushindwa kwa kuwa zote humtazama mtu, ama kwa kumfukuza ama kwa kumhurumia, na hakuna hata moja iliyopata kuitazama sawasawa ile ardhi aliyoikalia: ni ya nani, ina upana gani, yatumika saa ngapi, na thamani yake kwa siku ni shilingi ngapi.

Anayedhani kwamba umachinga, yaani uchuuzi huu wa barabarani, uliletwa na vijana wa leo wasiopenda jembe hajasoma historia ya mji wake. Mwaka 1983, nchi ikiwa katika dhiki kubwa ya bidhaa, sabuni ikipatikana kwa foleni na nguo kwa kujuana, Bunge lilitunga Sheria ya Nguvukazi iliyomlazimu kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na kwa nguvu ya sheria hiyo watu waliokutwa mjini bila kitambulisho cha kazi walikusanywa wakapelekwa vijijini, wauza karanga na wang'arisha viatu wakihesabiwa pamoja na wazururaji. Wengi wao walirudi, kwa sababu mji uliowafukuza ulikuwa bado unataka karanga na viatu vinavyong'aa. Alipoingia Ikulu Mzee Ali Hassan Mwinyi mwaka 1985 na biashara ikazidi kufunguliwa, mitumba na bidhaa za Dubai zilijaa sokoni. Na viwanda na mashirika ya umma yalipoanza kupunguza watu katika miaka ya 1990, ukingo wa barabara ukawa ndio mwajiri asiyeuliza cheti wala ndugu. Wamachinga wa kwanza, waliotoka Lindi na Mtwara na bidhaa mabegani, walitangulia tu. Leo katika wachuuzi wa Kariakoo utamkuta Mpare, Mhaya, Mgogo na Mzaramo aliyezaliwa Buguruni.

Serikali ilipochoka kufukuza, ilijaribu kujenga. Pale Karume, Ilala, likasimamishwa jengo la ghorofa lililoitwa Machinga Complex, kwa fedha za mkopo kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, lenye vizimba zaidi ya elfu nne, na mtu aliyelitazama kwa mbali angeweza kuamini kwamba kadhia imekwisha. Haikwisha. Kwa miaka mingi vizimba vya juu vilikaa vitupu huku deni likikua, na wakubwa wakawalaumu wachuuzi kwa ukaidi, ingawa sababu ilikuwa wazi kwa kila aliyewahi kuuza au kununua kitu njiani. Mnunuzi wa mkanda wa shilingi 5,000 hakutoka nyumbani kwake kwa nia ya kununua mkanda. Ameuona akielekea kituoni kupanda basi, akakumbuka kwamba wake umechakaa, akapatana bei kwa maneno matatu, akaenda zake. Mtu huyo hatapanda ngazi za ghorofa tatu kumtafuta muuzaji. Mchuuzi huuza kwa miguu inayopita, naye akiondolewa penye miguu amenyang'anywa mtaji wake halisi, hata kama amepewa kizimba chenye paa zuri na bomba la maji.

Kisha ukaja wakati wa Rais John Magufuli. Desemba 2016, baada ya wachuuzi kufurushwa jijini Mwanza, aliamuru waachwe. Na Desemba 2018 akawakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao ghafi hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Sitaki kuwa miongoni mwa wanaokibeza kitambulisho kile, kwa maana kilimpa mtu aliyezoea kukimbia na mzigo kichwani nafasi ya kusimama akatazamana na mgambo bila ya kutetemeka, na jambo hilo si dogo. Walakini kilikuwa na ila moja ambayo hatima yake tuliiona sote: kilimtaja mtu, hakikutaja mahali. Mama auzaye mihogo ya kuchoma huko Newala na kijana aliyekaa penye mdomo wa Mtaa wa Msimbazi, ambako watu hupita kwa maelfu kwa saa, walilipa sawa na wakapewa haki sawa, na haki hiyo haikuwa na mpaka. Basi kila mwenye kitambulisho akaona kwamba palipo wazi ni pake, na muda si muda barabara kadhaa za Kariakoo zikawa vichochoro vya kupita kwa ubavu, gari la wagonjwa likipiga king'ora nyuma ya mikokoteni ambayo hata ikitaka kupisha haina pa kupisha.

Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza wachuuzi wapangwe upya bila ya kutumia nguvu, na ilipofika mwisho wa Oktoba mitaa ya Kariakoo ilikuwa imeachwa wazi, watu wakashangaa kuona lami waliyokuwa wameisahau. Wenye maduka walishukuru. Lakini masoko waliyoelekezwa wachuuzi mengine yalikuwa mbali na wateja, mengine hayakuwa tayari, na soko la Karume, ambalo wengi walilitegemea, likateketea kwa moto Januari 2022. Kidogo kidogo, kwanza jioni, kisha alasiri, kisha tangu asubuhi, turubai zikarudi.

Atakaye kuelewa kwa nini zilirudi na aende Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wateja wa kutoka Zambia, Malawi na Lubumbashi hawajatoka katika nyumba za wageni. Atamwona kijana akifika na turubai lililokunjwa kwapani, na zaidi ya hilo hana kitu. Kijana atakwenda moja kwa moja kwenye duka la jumla ambalo mlango wake umefunguliwa nusu, atamwamkia karani kwa heshima, na karani atafungua daftari la shule lenye jalada lililochakaa, aandike jina moja tu, labda Side au Mudi, kisha fulana dazeni tatu, kisha bei. Hapana fedha iliyopita mkono kwa mkono, hapana rehani, hapana shahidi. Jioni kijana atarudisha fulana zilizobaki na kulipa bei ya zilizouzwa, na kilichozidi ndicho chakula chake, nauli yake, kodi ya chumba chake Mbagala na ada ya mdogo wake. Hii ndiyo mali kauli, desturi ambayo benki zetu zingejifunza kwayo mengi lau zingekuwa na unyenyekevu wa kujifunza, na dhamana yake ni moja: kijana akikimbia na mzigo leo, kesho hapati mzigo katika mtaa huo, wala mtaa wa pili, wala wa tatu.

Duka moja la namna hiyo laweza kuwa na vijana kadhaa nje, mbali na mawinga wanaozunguka kutafuta wateja na kuwaleta ndani kwa malipo yao. Kwa hiyo ugomvi unaosikika kila mwaka, unaotangazwa kuwa ni wa wenye maduka na wamachinga, kwa sehemu kubwa ni ugomvi wa wenye maduka wao kwa wao: yule wa jumla aletaye kontena, ambaye kwake kila turubai barabarani ni rafu nyingine ya duka isiyolipiwa pango, na yule wa rejareja aliyepanga fremu hatua ishirini mbele, ambaye kwake turubai hilo hilo ni balaa iliyomkalia mlangoni. Viongozi wanapokutana na wafanyabiashara wa Kariakoo ukumbini, hawa wawili huketi viti vya jirani na kuzungumza kwa sauti moja, na sijui ni mara ngapi mkuu wa mkoa au waziri amewahi kuwauliza ni nani kati yao aliyempa kijana wa nje mzigo.

Nitaje habari za huyu wa pili, kwa sababu yeye ndiye anayeumia na sauti yake ni ndogo. Chukua mama anayeuza nguo za watoto katika fremu ya chini, upana wa mikono miwili iliyonyoshwa na kidogo. Kabla hajauza gauni la kwanza alilipa kilemba ili aachiwe fremu, akalipa kodi ya pango ya miezi sita au mwaka mzima mbele, akakata leseni, akakadiriwa kodi na mamlaka ya mapato, TRA, akanunua mashine ya risiti ya EFD; na kila mwezi kuna umeme, mlinzi, taka na mshahara wa binti anayemsaidia. Gharama zote hizo zimo ndani ya bei ya gauni moja, nazo haziwezi kujificha. Sasa anasimama kijana hatua mbili kutoka mlangoni kwake na gauni lile lile, pengine limetoka kontena lile lile, bei yake ni pungufu kwa shilingi 2,000, na mteja huingia dukani, hulishika gauni, huuliza saizi, hujaribisha mtoto, husema atarudi, kisha hutoka na kununua nje. Yule kijana si mwizi. Mama huyu naye hasemi uongo anaposema anaonewa. Na kwa kuwa haoni wa kumtetea, mwishowe hufanya yale yale anayoyalaumu: hutoa meza nje, hutundika nguo juu yake, humweka binti pale aite wateja, na ukingo wa barabara unapungua kwa meza moja zaidi, safari hii ya mwenye leseni.

Wapo wenye maduka wengine ambao hutoa mzigo nje si kwa kukata tamaa bali kwa hesabu, nao hawapendi jambo hili lisemwe. Mzigo unaotoka dukani kwa daftari la mali kauli hautoki kwa risiti. Fulana dazeni tatu alizochukua Side asubuhi hazikupita katika mashine ya EFD zilipotoka, wala hazitapita jioni fedha itakapoletwa, na kwa macho ya serikali fulana hizo ama bado zimo stoo ama hazikuwahi kuwapo. Katika mji ambao mwenye mauzo yaliyovuka kiwango cha usajili hutakiwa kutoza asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, mfanyabiashara anayeuza nusu ya kontena lake kwa mikono ya watoto wa watu wasio na mashine anamshinda mwenzake mwaminifu kabla siku haijaanza. Sisemi wote hufanya hivyo. Nasema wanaofanya ni wengi kiasi cha kuiharibu bei ya mtaa mzima, na kwamba ghadhabu inayomwangukia Side, aliyekaa juani tangu alfajiri, ingestahiki kupanda ngazi kidogo ikamfikie mwenye daftari.

Sheria yenyewe imesaidia uongo huu. Kile kipimo cha mauzo ya shilingi milioni 4 kwa mwaka, ambacho chini yake mfanyabiashara mdogo hatozwi kodi ya mapato, ukikigawa kwa siku za mwaka hupata kama shilingi 11,000 kwa siku, na hayo ni mauzo, faida bado. Yaani shati moja la shilingi 10,000 na soksi jozi moja. Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo ambaye anauza shati moja kwa siku hayupo, kwa kuwa angekwisha kurudi kwao. Kwa hiyo katika mitaa ile karibu kila mwenye kitambulisho alikuwa nje ya kipimo tangu siku ya kwanza, kila afisa aliyekitoa alilijua hilo, na mwenye duka aliyetazama kwa mbali alijifunza kwamba katika nchi hii anayejiandikisha sawasawa ndiye anayekamatika. Nisingependa mtu anielewe kwamba natetea kumpandishia kodi muuza ndizi wa Tandale. Nataka kipimo cha pale Kariakoo kifanane na Kariakoo.

Ikumbukwe pia kwamba wenye maduka walipofika mahali pa kusema basi, hawakuanza na machinga. Mei 2023 walifunga maduka Kariakoo siku tatu, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaketi nao Mnazi Mmoja, na maneno yaliyotangulia vinywani mwao yalikuwa juu ya kamatakamata ya maofisa wa kodi, usajili wa stoo, na taabu za kutoa mizigo bandarini. Juni 2024 wakafunga tena, na mikoa mingine ikafuata. Julai 2025 serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwamo biashara ya jumla na rejareja isipokuwa ya maduka makubwa ya kujihudumia, kwa sababu ya malalamiko ya muda mrefu kwamba wageni wenye stoo walikuwa wakiuza hadi kipande kimoja kwa mteja wa mwisho. Ukiyaweka mambo haya pamoja utaona kwamba mwenye duka amebanwa kutoka pande nne, na mchuuzi ni upande mmoja tu, ambao kwa bahati mbaya ndio ulio karibu na mkono wa mgambo.

Nimesema suala ni ardhi, basi nami nieleze nataka nini juu ya ardhi hiyo. Ukingo wa barabara si wa mwenye duka, ijapokuwa wengi huzungumza kana kwamba pango la fremu limenunua na lami iliyo mbele yake. Wala si wa mchuuzi, hata akiwa na kitambulisho cha rangi ya dhahabu. Ni wa mpita njia, na humo yumo mzee wa mkongojo, mama mwenye mtoto mgongoni, na mtu wa kiti cha magurudumu ambaye leo, akitaka kwenda Mtaa wa Aggrey, hana budi kushuka katikati ya barabara ashindane na bodaboda na maguta. Haki yake ikatwe kwanza, kwa futi na kwa mstari wa rangi uliopigwa chini, na mstari huo usiguswe na turubai wala meza ya duka. Kisha mlango: mbele ya kila fremu pabaki wazi kwa upana wa fremu yenyewe. Kisha njia ya gari la zimamoto, maana katika mji ulioona soko lake kuu la Kariakoo likiungua Julai 2021 jambo hilo halihitaji kuelezwa marefu.

Kinachobaki baada ya hapo kigawanywe kwa viwanja vyenye namba, na hapa ndipo halmashauri iache huruma ya jumla ifanye hesabu. Kiwanja cha Mtaa wa Kongo kisilipiwe sawa na cha mtaa wa pembeni. Kilipiwe kwa siku au kwa juma, kwa simu, na jina la mwenye nacho liandikwe mahali linapoonekana pamoja na jina la duka linalompa mzigo, ikiwa lipo. Kipengele hiki cha mwisho ndicho nikithaminicho kuliko vyote. Mwenye duka wa jumla akijua kwamba vijana wake kumi wameandikwa chini ya jina lake, na kwamba mzigo wanaouza unahesabiwa kuwa mauzo ya duka lake, hatakuwa na sababu ya kuwajaza barabarani kwa ajili ya kukwepa risiti. Atabaki na wale anaowahitaji kwa biashara ya halali, na mama wa nguo za watoto atashindana na bei iliyobeba mzigo sawa na wake. Mchuuzi anayejitegemea, aliyenunua mtumba wake kwa fedha yake, yeye aandikwe kwa jina lake mwenyewe na alipe kidogo.

Kuna na suala la saa. Februari 2025 mkoa ulizindua biashara ya saa 24 pale Kariakoo, zikawashwa taa, zikasemwa hotuba, na fikra yenyewe ni njema kuliko ilivyotumika. Maduka mengi ya rejareja hufunga jua linapotua au muda mfupi baadaye, na tangu hapo mpaka saa nne au tano za usiku mitaa hiyo ina watu, ina upepo, na haina mlango wa duka wa kuzibwa. Mtaa mzima waweza kupewa wachuuzi kwa saa hizo, gari zikazuiwa, mama lishe wakapata mahali pao, na asubuhi lami ikafagiliwa kabla maduka hayajafunguliwa. Yeyote aliyefika Forodhani, Unguja, baada ya magharibi ameona kwamba watu wetu wakipewa mahali na saa wanajua kujipanga, na hawaoni taabu kuondoka saa ikifika.

India, ambayo miji yake imejaa wachuuzi kuliko yetu, ilitunga sheria mwaka 2014 inayokataza mchuuzi kuondolewa kabla ya wachuuzi wote wa eneo kuhesabiwa, na inayoamuru kila mji uwe na kamati ambamo wawakilishi wa wachuuzi si chini ya asilimia 40, na theluthi ya hao wawe wanawake. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua katika miji mingi, nami siileti hapa kama msahafu. Naileta kwa ajili ya ule mpangilio: kuhesabu kwanza, kuhamisha baadaye. Sisi tuna Shirikisho la Umoja wa Machinga, SHIUMA, na tuna Jumuiya ya Wafanyabiashara, na vyombo hivi viwili huitwa kila kimoja kwa wakati wake, kimoja kikisifiwa leo na kingine kesho, badala ya kuketishwa meza moja mbele ya ramani moja ya mitaa ile kumi au kumi na miwili yenye mgogoro.

Najua hoja itakayoletwa dhidi ya haya yote: kwamba viwanja vyenye namba vitauzwa kwa rushwa, wakubwa watajigawia, na kijana maskini atakodishwa mahali alipopaswa kupewa. Hofu hiyo ina msingi, lakini wanaoitoa huzungumza kana kwamba sasa mahali hapo panapatikana bure. Muulize mchuuzi yeyote utakayemwamini naye akakuamini. Kuna anayelipwa kwa kutunza mizigo usiku, kuna anayelipwa kwa kujidai kuwa pale ni pake tangu zamani ingawa yeye haonekani mpaka saa ya kukusanya, na kuna vile vya mkononi vinavyotolewa ili jicho fulani litazame kwingine. Soko la ukingo wa barabara lipo, bei yake inajulikana, na mapato yake yote yanapita nje ya hazina ya jiji. Namba iliyoandikwa ukutani, ambayo kila apitaye aweza kusoma ni ya nani na imelipiwa mpaka lini, haitaua rushwa, ila itaipunguzia giza.

Wala mchuuzi peke yake asibadilishwe. Ikiwa tunamtaka mama wa fremu aamini kwamba insafu imemfikia, sharti naye apunguziwe mzigo unaoweza kupunguzwa: leseni na tozo zake zilipwe mahali pamoja na kwa mkupuo mmoja badala ya kufuatwa na maofisa wa idara tofauti kwa siku tofauti, makadirio yake yafuate mauzo yaliyoonekana badala ya makisio ya mtu aliyesimama mlangoni akatazama wingi wa nguo, na kilemba, ambacho hakina risiti wala sheria, kitazamwe na serikali kwa jicho lile lile linalomtazama mwenye turubai. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu nayo ingefaa imsaidie mchuuzi aliyekwisha kukua atoke nje aingie kwenye fremu, kwa sababu wapo wenye uwezo huo, na kinachowazuia ni pango la mwaka mzima linalodaiwa kwa siku moja.

Kazi hii ni ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na haina haja ya kusubiri sheria mpya ya Bunge wala mradi wa wafadhili. Ianze na Mtaa wa Kongo peke yake, kwa miezi sita, mistari ipigwe, viwanja vihesabiwe, majina yaandikwe, na mapato na malalamiko yatangazwe kila mwezi ili kila mtu ayasome. Na wenye maduka wa rejareja, ambao mwakani wataombwa tena wapige makofi wakati mgambo wanapita, nawaomba wasipige. Waliombe jiji liweke rejesta ya wazi, na wadai kwamba jina la kwanza kuandikwa humo liwe la yule mwenye mzigo.